Mbwa wa saruji ni wa nani?

 

Kila mwaka mvua zikishakatika, mahindi yakaingia ndani na wenye kahawa wakalipwa, mji wetu wa Itumba na vijiji vya Ileje hugeuka kuwa uwanja wa mafundi. Huyu anaezua nyasi apandishe bati. Yule anabomoa ukuta wa tofali mbichi ili aweke wa tofali za kuchoma. Mwingine ana nyumba ya bati mwaka wa kumi huu, na sasa ndiyo kwanza Allah amemjaalia fedha ya kupiga lipu na kumwaga sakafu. Ni jambo la kheri, wala hatuna budi kulishukuru.

Lakini wengi wetu hatuna nyumba ya pili ya kuhamia. Tunakarabati tukiwa mle mle ndani. Fundi akibomoa sebule, familia inajibana chumbani. Akiingia chumbani, familia inarudi sebuleni ambako lipu haijakauka. Na pamoja na familia hiyo wamo wengine ambao hatuwahesabu: paka, kuku wa mama na vifaranga vyake, mbuzi wawili waliozoea kulala jikoni kwa ajili ya baridi ya Juni na Julai, na mara nyingi mbwa. Mwenye nyumba atakaa na fundi ahesabu mifuko ya saruji, tripu za mchanga, kilo za misumari na bati zenyewe moja moja. Sijapata kumwona aliyemuuliza fundi: "Je, kuku watalala wapi siku ukivunja jiko?"

Nimetaja mbwa, na najua wapo walioguna. Basi nianze na huyo huyo.

Miaka michache iliyopita mama mmoja aliniletea mtoto wake wa kiume wa miaka minane. Mguu umefungwa kitambaa, na ndani ya kitambaa mna majani yaliyotwangwa yakachanganywa na tumbaku. Aliumwa na mbwa jioni ya juzi yake alipokuwa akipita penye nyumba inayokarabatiwa. Nikauliza mbwa ni wa nani. Mama akasema, "Wa yule baba anayejenga, daktari." Nikampigia simu yule baba, maana tunasali naye msikiti mmoja. Akaapa: "Wallahi ustadhi, mimi sifugi mbwa, wewe unanijua. Huyo ni wa fundi." Fundi naye nilipompata akasema: "Mimi nilimleta tu alinde saruji. Chakula anapewa na mzee mwenyewe." Kwa hiyo mtoto yupo, jeraha lipo, lakini mbwa hana mwenyewe.

Tukakiosha kidonda upya. Chanjo haikuwapo pale, ikabidi baba wa mtoto akope nauli aifuate mbali. Alhamdulillah mtoto alimaliza sindano zote na yuko salama. Mbwa hakuonekana tena. Wengine walisema ameuawa, wengine walisema amehamia sokoni. Hakuna aliyeweza kutuambia kama alikuwa na kichaa au hana, kwa sababu hakuna aliyekuwa tayari kusema ni wake.

Tangu siku ile huwaita hawa "mbwa wa saruji". Kila mtu anayejenga anajua wanavyopatikana. Nyumba haina mlango, nondo na mifuko ya saruji imelala nje, wezi nao wanajua. Basi fundi au kibarua analeta mtoto wa mbwa. Anakua pale pale kwenye kifusi, anatupiwa makombo ya ugali wa mafundi, analala juu ya lundo la mchanga. Hafungwi, hachanjwi, hapewi hata jina. Siku mlango wa mbele ukipigwa kitasa, anafukuzwa kwa mawe. Hapo ndipo anapoanza kuzurura, na akiwa jike, mwaka unaofuata mna mbwa watano au sita pasipokuwa na hata mmoja.

Mimi si mufti, ni mwanafunzi wa madrasa aliyeishia kuwa tabibu, na kwa hukumu kamili muulizeni sheikh wenu. Lakini mambo ya msingi tuliyosomeshwa yako wazi. Mtume (s.a.w.) ametufahamisha kwamba mwenye kuweka mbwa bila haja hupungukiwa na ujira wake kila siku, na akawatoa katika hukumu hiyo mbwa wa mawindo, wa mifugo na wa shamba. Kuhusu mbwa wa kulinda nyumba, wanazuoni wamehitilafiana. Imamu Nawawi, ambaye ni nguzo katika madhehebu yetu ya Shafi, aliona kauli iliyo sahihi zaidi ni kuruhusu, kwa kukisia na wale watatu, kwa kuwa sababu ni moja, nayo ni haja. Katika Suratul Kahf yumo mbwa aliyekuwa pamoja na wale vijana wa pangoni, na Qur'an inatufahamisha alikuwa wapi: amelala mlangoni. Hakuwa katikati ya vijana.

Kwa hiyo mwenye haja ya kweli ana pa kusimamia. Ninachokilaumu ni tabia ya kufuga huku mtu anaapa kwamba hafugi. Ukimkana mbwa ili majirani wasikuone umepungua katika dini, matokeo yake ni kwamba hutampeleka kuchanjwa. Nimeona afisa mifugo anapotangaza siku ya chanjo ya mbwa, wanaokwenda na mbwa wao kamba mkononi ni majirani zetu wasio Waislamu. Muislamu anaona haya kusimama kwenye foleni ile. Mbwa wake anabaki kifusini na watoto wanapita hapo kila siku kwenda shule na madrasa.

Anayeona haya na awatazame ndugu zetu wa Pemba. Kisiwa kile karibu chote ni cha Waislamu, na mbwa wapo. Kichaa cha mbwa kilikuwapo, kikaondolewa mwaka 2014 kwa kuchanja mbwa, kikaingia tena mwaka 2016, wakachanja tena, na ilipofika mwaka 2018 kikawa kimetoweka kwa mara ya pili. Hawakukiondoa kwa kuua mbwa wote. Watu wenye kanzu na kofia waliwashika mbwa kamba wakawapeleka kwenye sindano. Wataalamu wanasema ukichanja mbwa 70 katika kila 100 wa eneo, kila mwaka, ugonjwa unakosa njia ya kupita.

Na ugonjwa wenyewe si wa kuchezea. Mtu akishaanza kuonyesha dalili, kuogopa maji, kuweweseka, koo kubana, hakuna dawa tuliyo nayo, karibu wote hufa. Duniani inakadiriwa watu wapatao 59,000 hufa kwa kichaa cha mbwa kila mwaka, wengi wao wa Afrika na Asia, na karibu wote waliumwa na mbwa wa kufugwa, si mnyama wa porini. Katika kila watu kumi wanaoumwa na mbwa anayeshukiwa, wanne ni watoto walio chini ya miaka 15. Mtoto ni mfupi, mbwa humfikia usoni na shingoni, na jeraha la huko ni hatari zaidi kwa kuwa liko karibu na ubongo.

Sasa sikilizeni vizuri, hasa akina mama. Mtoto akiumwa au akikwaruzwa na mbwa, au paka, maana paka naye hupata kichaa, jambo la kwanza ni maji na sabuni. Osha kidonda kwa maji yanayotiririka na sabuni dakika 15 kamili. Tazama saa, kwa sababu dakika 15 ni ndefu kuliko unavyodhani. Usiweke majani, tumbaku, pilipili, mafuta ya breki wala manyoya ya mbwa yaliyochomwa. Usikifunge kwa kukaza. Kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo, na umalize sindano zote kwa siku utakazopangiwa hata kama kidonda kimepona. Ukiwa njiani hakikisha mtu mzima mmoja amejua mbwa yuko wapi. Kama ana mwenyewe na anaweza kufungwa mahali salama, asiuawe; atazamwe siku 10. Akibaki mzima siku hizo zote, basi hakuwa akiambukiza siku aliyouma, na daktari anaweza kusimamisha chanjo. Lakini chanjo inaanza mara moja, haingoji zile siku kumi. Mnaona sasa faida ya mbwa kuwa na mwenyewe anayejulikana.

Na kazi ikiisha? Mtafutie mchungaji au mwenye shamba anayemhitaji. Huyu amelinda mali yako miezi mitatu kwa ukoko wa ugali. Katika mafundisho ya Mtume (s.a.w.) yumo mtu aliyesamehewa madhambi yake kwa kumtekea maji kisimani mbwa mwenye kiu. Kumfukuza kwa mawe siku ya kitasa ni malipo gani?

Nije kwa paka, ambaye hana matatizo ya fatwa. Wengi tunaijua habari ya swahaba Abu Qatada (r.a.) alipoinamisha chombo cha maji yake ya udhu paka akanywa, mkamwana wake akashangaa, naye akamweleza kwamba Mtume (s.a.w.) amefundisha kuwa paka si najisi, ni miongoni mwa wanaozunguka zunguka majumbani mwetu. Hukumu hii watu wanaichukua nusu. Mdomo wake na mwili wake ni tohara. Kinyesi chake ni najisi kama kinyesi kingine, na kiafya ndicho chenye ubaya.

Siku za kawaida paka wa kijijini hutusumbua kidogo tu, anajisaidia mbali migombani na kufukia. Lori likishamwaga mchanga wa mtoni mlangoni kwako, umemjengea choo. Ni laini, umechekechwa, ni rahisi kufukua. Paka wako atakuja na paka wote wa mtaa watakuja. Mchana watoto wanapanda lundo hilo hilo kucheza, bila viatu, wengine hata kaptula hawana.

Hapo ndipo ninapopokea watoto wenye mchoro mwekundu unaotambaa chini ya ngozi ya unyayo au makalio, unawasha usiku hauwaachi walale. Wazazi husema ni uchawi au ni mdudu wa mchanga. Ni mabuu ya minyoo ya safura ya mbwa na paka, yamepotea njia, yakaingia kwenye ngozi ya mtu. Dawa ipo hospitali na inatibu vizuri. Minyoo mingine ya mbwa na paka, mayai yake hukaa mchangani wiki mbili au zaidi kabla hayajawa na nguvu ya kuambukiza, kisha mtoto anayekula udongo huyameza, na mabuu yanaweza kufika kwenye ini, mapafu, hata jicho.

Kwa mama mjamzito lipo jingine. Paka, hasa mdogo anayeambukizwa kwa mara ya kwanza, hutoa katika kinyesi vijidudu vya ugonjwa uitwao toksoplazma. Mtu mzima akivipata mara nyingi hajui kama ameumwa. Mama akivipata kwa mara ya kwanza akiwa na mimba, mtoto anaweza kuharibika tumboni, au kuzaliwa na maji kichwani, au kuja kupoteza nuru ya macho. Na sisi huku ni nani anayechekecha mchanga na kubeba ndoo za maji ya zege? Ni akina mama, na mjamzito haachwi nyuma kwa kuwa anataka nyumba iishe kabla hajajifungua. Ndugu yangu mwanaume, kama mkeo ni mjamzito mwondoe kwenye kazi ya mchanga. Kama hapana budi avae glovu na anawe kwa sabuni kabla hajagusa chakula.

Tafadhali msinielewe vibaya mkaenda kumtupa paka. Ugonjwa huu hupatikana pia kwa nyama isiyoiva na mboga zisizooshwa, pengine zaidi kuliko kwa paka wa nyumbani. Vijidudu hivyo vikitoka huhitaji siku moja hadi tano kabla havijaweza kuambukiza, kwa hiyo kinyesi kikiondolewa kila siku hatari imekatwa kabla haijaanza. Tiba ya lundo la mchanga ni turubai. Lifunike kila jioni kazi ikiisha, uweke matofali pembeni upepo usilifunue. Ukikosa turubai, mifuko mitupu ya saruji iliyokung'utwa na kushonwa pamoja inafaa. Kisha mtengee paka choo chake, karai bovu lenye mchanga kidogo nyuma ya nyumba, asafishe mtu asiye mjamzito. Paka ana akili, ataelewa kwa siku mbili.

Nyumba moja nilikuta jambo lililonichekesha na kunisikitisha. Mbwa wa saruji ameramba sufuria. Mama wa nyumba, mcha Mungu, anaijua hukumu ya kuosha mara saba, moja kwa udongo. Akachota udongo palipo karibu, yaani kwenye lundo la mchanga alikolala huyo mbwa usiku kucha. Ndugu zangu, udongo wa kutoharishia sharti nao uwe tohara. Wekeni kindoo kimoja cha udongo safi kilichofunikwa, mbali na kifusi.

Jambo jingine linalohusu paka ni panya. Ukibomoa ukuta wa zamani unabomoa mji wa panya. Wanatawanyika, wanaingia kwenye gunia la mahindi, na mwenye nyumba anakimbilia dukani kununua sumu. Panya aliyekula sumu hafi papo hapo, anayumba yumba, paka anamkamata kirahisi na kumla, paka naye anakufa. Umebaki na panya bila paka. Mbaya zaidi, panya wakifa kwa wingi viroboto wao hutafuta mwili mwingine wa kunyonya, wako au wa mtoto. Wenzetu wa Lushoto, Tanga, walipigana na tauni kwa miaka mingi tangu 1980, na walichofundishwa ni kuua viroboto kwanza ndipo panya afuate. Huku kwetu si eneo la tauni, lakini mpangilio huo ni wa busara popote. Tumia mitego, hamisha mahindi kwenye mapipa yenye mfuniko kabla ukuta haujaguswa, na mwache paka afanye kazi yake. Ukibomoa ukuta wa tope wa miaka mingi, msilale chini kwenye chumba hicho usiku huo. Papasi wanakaa kwenye nyufa kama hizo, na homa yao hupanda, ikashuka, ikarudi tena, watu wakidhani ni malaria isiyosikia dawa.

Kuku. Banda la zamani au dari yenye popo msifagie kavu. Vumbi la kinyesi cha kuku na popo lina fangasi wanaoingia mapafuni, na mgonjwa wake kwa kikohozi na kwa picha ya eksirei anaweza kudhaniwa ana kifua kikuu. Nyunyizeni maji kwanza, fungeni kitambaa puani, kisha mfagie. Na kuku wasilale chumba kimoja na watoto eti kwa kuwa jiko limevunjwa. Chumba chenye vumbi, kuku, paka na watoto watano kwenye mkeka mmoja ndicho chumba cha funza na viroboto.

Kuhusu saruji yenyewe nitasema kidogo kwa sababu mafundi wanaijua, ila wanyama hawaijui. Saruji mbichi na chokaa iliyolowa huunguza, taratibu, bila moto. Paka au mbwa akikanyaga sakafu mbichi kisha akalamba miguu, anaungua ulimi na koo. Kuku hunywa maji ya kuoshea machepe. Mbuzi hulamba mifuko. Wanadamu nao nimewatibu, vibarua waliokanyaga zege bila buti wakaja jioni na nyayo zilizochubuka kama zimemwagiwa maji ya moto. Mnyama aliyekanyaga, muoshe kwa maji mengi mara moja kabla hajalamba. Misumari ya mbao za zamani ikusanywe kila jioni kwenye kopo. Mtu akichomwa, pepopunda haiulizi kama msumari ulikuwa na kutu au hauna.

Basi wanyama wafungiwe? Ndiyo, saa za kazi wafungiwe au wafungwe kamba, lakini tukumbuke yule mwanamke aliyeadhibiwa kwa ajili ya paka. Kosa lake lilikuwa kumfungia bila kumlisha wala kumwacha akajitafutia. Anayefungia awajibike kwa maji, chakula na kivuli.

Mimi mwenyewe nilipokarabati nilianza na banda. Kabla fundi hajainua nyundo nilimlipa siku moja na nusu, kwa bati chakavu na mbao za dari ya zamani, akajenga kibanda chenye vyumba viwili nyuma ya nyumba, kimoja cha kuku, kimoja cha mbuzi, na rafu ya paka juu. Jirani yangu alinicheka kwamba nawajengea mbuzi kabla ya wanangu. Kuku na mbuzi walihamia bila ubishi. Paka alikataa katakata, akaenda kuzalia kwenye boksi la vigae, na fundi akangoja siku kumi kuweka vigae vya bafuni.

Nimalizie na swali ambalo nimeulizwa mara nyingi msikitini na kliniki, kwa sababu sisi tunaishi na majirani wafugaji wa nguruwe. Nguruwe wa jirani ameingia usiku akalala kwenye mchanga wangu. Je, mchanga umeharibika? Na je, nitapata ile minyoo ya kichwani inayoleta kifafa?

Upande wa tohara, kanuni tuliyosoma ni kwamba kikavu juu ya kikavu hakihamishi najisi. Palipolowa, kwa mkojo au mate au tope lake, paondolewe pakatupwe, na mchanga wa sakafu ya mahali utakaposalia uwe ule usio na shaka. Zaidi ya hapo muulize sheikh. Na nenda kwa jirani ukazungumze naye kwa upole. Mara nyingi yeye mwenyewe hajui nguruwe wake alikolala.

Upande wa ugonjwa, jibu linawashangaza watu. Nguruwe kulala mchangani hakukupi minyoo hiyo. Mnyororo wake ni huu: mtu anakula nyama ya nguruwe yenye malengelenge isiyoiva, anapata tegu tumboni, kisha mtu huyo ndiye anayetoa mayai kwa choo kikubwa. Mayai hayo yakiingia kinywani mwa mtu mwingine, kwa mikono, maji au mboga, mabuu yanaweza kwenda kukaa kwenye ubongo, na hapo huja kifafa. Anayepata kifafa si lazima awe amewahi kuonja nguruwe. Mwaka 1992 madaktari wa Marekani waliandika habari za Mayahudi wa New York, watu wasiokula nguruwe kabisa kama sisi, waliokutwa na ugonjwa huu kichwani, na ikaonekana waliambukizwa na watumishi wa jikoni waliokuwa na tegu. Hapa jirani zetu wa Mbozi, utafiti uliochapishwa mwaka 2013 uliukuta ugonjwa huu kwa wanavijiji. Kwa hiyo kusema "mimi Muislamu, hayanihusu" hakumkingi mtu.

Na ukarabati unaingiaje hapo? Unaingia kwenye choo. Kitu cha kwanza kubomolewa mara nyingi ni choo cha zamani, kwa kuwa ni kibaya na fundi anataka njia ya kupitisha tofali. Choo kipya kinamalizika mwisho, fedha ikibaki. Katikati ya hapo mna mafundi na vibarua sita, wa dini zote, pamoja na familia nzima, na watu wanakwenda nyuma ya migomba. Kuku wanaparua huko huko kisha wanarudi na miguu yao kwenye mkeka wa kulia. Mbwa anakula huko kisha analamba mkono wa mtoto. Sitaki mtu amwulize fundi anakula nini nyumbani kwake; hilo halikuhusu na ni utovu wa adabu. Ninachotaka ni choo kipya kichimbwe na kuezekwa kwanza, kabla ya tofali moja kutolewa kwenye nyumba, na pembeni yake liwekwe dumu la maji lenye tundu na kipande cha sabuni kilichofungwa kamba, ambacho fundi, kibarua, baba mwenye nyumba na watoto wote watakitumia. Kwa dumu la lita tano na msumari mmoja, kazi hiyo haizidi robo saa.

Wabillahi tawfiq.